Transfoma Isiyo na Honi

"Hii nayo haisimamishi," alisema yule bwana, akaiweka transfoma, kile kiboksi cha kuwashia na kuzimia treni, juu ya kaunta pamoja na waya zake.

Mwenye duka la treni za kuchezea alikuwa mwanamke mcheshi, mdomo haumtulii. "Kaka, wewe mteja wa aina yake! Wenzako wote wananidai mbio, wewe unanidai breki."

"Nikizima umeme, treni inaendelea kuteleza."

"Si kidogo tu? Shibiri moja hivi."

"Shibiri ni nyingi, dada."

Dada akapanda kiti, akashusha boksi jingine. "Basi chukua hii. Inakata umeme papo hapo, na ina kitufe cha honi. Mtoto atafurahi huyo!"

"Ya honi sitaki."

Alilisema kwa ukali kidogo, hata mwenyewe akaona haya. Dada hakujali. Kelele za watoto nyumbani, nani asiyezijua? Akamtafutia isiyo na honi.

Kwenye reli walikaa zaidi. Za shaba zinang'aa, dada alimweleza, lakini magurudumu yanateleza. Za chuma zinayashika vizuri, ila zitaota kutu.

"Ziote," alisema bwana.

Akachagua za kushuka mteremko, kona moja kali, kisha kivuko cha watu wa miguu. Stesheni hakuitaka. Daraja, lililokuwa zuri kuliko vyote dukani, hakulitazama hata.

"Mtoto ana miaka mingapi?"

"Sita."

"Na treni anazipenda?"

"Mno. Akisikia honi tu, mbio nje, hata viatu havai." Uso wake ulichangamka kwa mara ya kwanza tangu aingie, kisha ukasinyaa.

"Unamdekeza, kaka. Usumbufu wote huu kwa mtoto wa miaka sita! Mchelea mwana kulia hulia yeye."

"Ni kweli," alisema. "Hulia yeye."

Dada akacheka peke yake. Kwa kumpoza, akachukua mwanasesere wa plastiki, msichana wa gauni jekundu asiyezidi kidole gumba. "Zawadi yangu hiyo. Mpelekee mwanao."

Bwana alimfumbata mwanasesere, akatoka bila kuaga wala kushukuru. Dada alimsamehe. Mzazi akishapania kumfurahisha mwanawe, adabu anaisahau mlangoni.

Nyumbani alizipanga reli sakafuni, kando ya kitanda kidogo kilichotandikwa vizuri. Mkewe alimwita kula, akamwita tena. Alipoona hajibiwi, akaja mwenyewe mpaka mlangoni.

Mumewe alikuwa amepiga magoti, amevaa kofia yake ya udereva wa treni. Yule msichana wa gauni jekundu alikuwa amemsimamisha kwenye kivuko, katikati ya reli. Akawasha umeme. Treni ikashuka mteremko, ikakata kona, na hapo hapo akazima.

Ikasimama. Mwanasesere hakuguswa.

"Umeona, mama?" alimwambia mkewe, machozi yakimdondokea mikononi. "Imesimama. Safari hii sikumpigia honi atoke kunipungia."