Wiki ya Sita ya Goti

"Angalia stuli hiyo," alisema Mwenyekiti, na Mtunza Stoo akaruka pembeni. "Hiyo ni ya goti."

Mtunza Stoo alikuwa ametumwa na ofisi nzima kutoa pole. Alibeba mfuko wa machungwa na kadi yenye saini kumi na nne, ikiwemo ya bosi, ambaye hasaini ovyo. Mwenyekiti, aliyebandikwa jina hilo kazini kwa kupenda kuongoza hata vikao visivyomhusu, aliipokea kadi bila kuinuka. Mguu wake wa kulia ulikuwa juu ya stuli, juu ya ule mto mnene ambao hospitali ilisisitiza ununuliwe. Mkononi alishika bilauri ya juisi iliyojaa barafu.

"Pole sana, kaka. Tulisikia ni goti, ila hatukujua ni kubwa kiasi hiki."

"Ndugu yangu, goti lisikie kwa jirani tu."

Akaanza kusimulia. Kisa hicho alikwishawasimulia majirani, wakwe na msoma mita ya maji, mpaka kikanyooka kuliko goti lenyewe. Taa ya sebule iliungua. Ngazi ikateleza. "Nilisikia ta, kwa masikio yangu haya mawili." Hospitali wakasema kano, ule uzi mgumu unaoshikilia goti kwa ndani, imekatika na haishoneki. Basi wakachukua kano nyingine nyuma ya paja, wakaipitisha gotini, wakaikaza kwa skrubu.

"Skrubu kabisa?"

"Kabisa. Saa tatu nzima za upasuaji. Nilimaliza dua zote ninazozijua, nikaanza za watu wengine."

Mtunza Stoo aliona haya, maana wiki iliyopita yeye ndiye aliyesema pale kantini kwamba Mwenyekiti anatega kazi.

"Na mazoezi je?"

"Hayo ndiyo yatakayoniua. Kunja, nyoosha, shikilia. Mara tatu kwa siku, na ninahesabu mwenyewe, moja mpaka thelathini, koo linakauka. Alfajiri nayo, magongo. Ko, ko, ko. Usingizi utatoka wapi hapo?" Akageukia mlango wa korido. "Mama Watoto, mgeni hajapata chai."

"Inakuja," sauti ikajibu kutoka mbali.

"Shemeji hajambo?" aliuliza Mtunza Stoo.

"Yupo. Ila siku hizi kawa mzito, sijui vipi. Zamani nikikohoa tu, kashafika."

"Msamehe, kaka. Kuuguza kunachosha."

Mwenyekiti alimkazia macho, na machozi yakamlengalenga. "Wiki sita," alisema, "hakuna hata mmoja aliyeniambia neno hilo."

Jikoni kifuniko cha sufuria kilianguka, kikazunguka sakafuni muda mrefu kabla mtu hajakiokota.

"Leo anakuja mtu wa mazoezi kupima," Mwenyekiti aliendelea, na sauti sasa ilikuwa imeshuka. Madoido yalikuwa yamekwisha. Aliogopa kweli. "Goti lisiponyooka mpaka likagusa godoro, linarudishwa chumba cha upasuaji. Tunaanza moja. Wiki sita nyingine kama hizi mimi siziwezi."

"Litanyooka tu. Au labda hupumziki vya kutosha?"

"Nipumzike vipi katika nyumba hii? Kila kitu mpaka niagize."

Mlango ukagongwa. Akaingia mwanamke mfupi mwenye haraka zake, begi begani, mkononi rula ya kupimia magoti. Mtunza Stoo akasogeza kiti, mwanamke apate nafasi ya kufanya kazi. Mwanamke akasalimia. Akaitazama stuli, akautazama mto.

"Na barafu niliyoagiza, inawekwa kila siku?"

"Kila siku," alisema Mwenyekiti, akaitikisa bilauri kidogo.

Mtu wa mazoezi akavuta pumzi, akaifungua ile rula.

"Haya. Mgonjwa yuko wapi?"

"Yuko jikoni," alisema Mwenyekiti, akijiweka vizuri juu ya mto. "Na ukimaliza kumpima, nisaidie kumwambia aharakishe chai. Na kwa yale magongo yake, vikombe anavileta kimoja kimoja."