Bado Kitufe Kimoja

Siku hizi sheria ni kwamba anayemtengenezea mtu programu ya biashara lazima ahamie kwake, ale naye, amwone anavyofanya kazi, na asitoke hadi wote wawili waseme imekamilika. Eti ndiyo maana programu hazifeli tena. Haya, sawa. Lakini mume wangu Hizza anaishi kwa Mzee Kasembe, muuza magodoro, tangu mwanetu hajaota meno. Sasa mtoto anakimbia.

Nikimpigia simu, jibu ni lile lile: "Bado kitufe kimoja, mama Zaina. Mteja hajaridhika."

Leo nilichoka. Nilimbeba mtoto hadi kwa Mzee, nikaanza hata kabla sijakaa.

"Baba, nakuomba umkubalie tu. Hicho kitufe kina nini?"

Mzee alinitazama kwa huruma. "Binti yangu, mimi nilishasema imekamilika zamani. Aliyebaki ni yeye."

Hizza akatoka jikoni na birika. Akammiminia Mzee chai na kumtilia sukari bila kumuuliza kiasi. Ndipo akaniona.

"Karibu," akasema, akishika kikombe kingine. "Wewe sukari unaweka?"