Mgonjwa wa Mtihani

Mgonjwa alikuwa amelala mahali pasipo pake.

Kiongozi wa skauti alimwona kutoka dirishani akashusha pumzi. Alikuwa ameomba mgonjwa wa kuigiza alale nyuma ya ukumbi, penye tangi la maji, ajipake rangi nyekundu na kulia kwamba mguu umevunjika. Huyu alikuwa amejitupa kando ya lango, kifudifudi, kiatu kimoja kimemtoka, na rangi hakujipaka hata tone.

"Shemeji naye," alinung'unika. "Namwomba mtu, ananiletea gunia."

Shemeji yake alifanya kazi kwenye tanuri la mikate, na ndiye aliyeahidi kumtuma mwenzake. "Yule ni kichekesho," alimwambia. "Atalia mpaka watoto wako nao walie." Kiongozi hakuwahi kumwona mtu huyo, na sasa hakuwa na nguvu za kwenda kumpanga upya. Tangu alfajiri alikuwa ameinamia cherehani akishona sare za wanafunzi, na shingo ilikuwa imekakamaa kama ubao. Kila Jumamosi ilikuwa hivyo hivyo: anaacha kazi za watu mezani, anakuja kufundisha watoto wanaogombania kamba, na jioni wazazi wanampigia simu kuuliza skafu imepotelea wapi.

Asubuhi hiyo, kabla ya kushika mkasi, alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda.

"Mungu wangu, nimechoka," alisema, bila kupamba maneno. "Sijui kama kuna neno langu hata moja linalowaingia. Leo nawapa mtihani. Wakiharibu, nitajua umeniruhusu nipumzike. Nitarudisha ufunguo wa ukumbi."

Sasa alitoka nje ya ukumbi, akapuliza filimbi.

Watoto walitoka mbio, wakamzunguka yule mtu. Kiongozi akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mbali kidogo. Sheria ya mtihani aliitunga mwenyewe: yeye hamsogelei mgonjwa, hasaidii, hasahihishi. Anatazama tu mpaka mwisho.

"Mjomba! Mjomba, unanisikia?" Kiranja wao, msichana waliyemwita Bi Mkubwa kwa kupenda kuamuru, alimgonga yule mtu begani.

"Mama Filimbi," mmoja alimwita kiongozi, "mguu gani umevunjika?"

"Muulizeni mwenyewe."

"Hasemi."

"Basi fanyeni mlivyofundishwa kwa mgonjwa asiyesema."

Alitegemea zogo. Hawakufanya zogo. Walimgeuza ubavu, wakainua kidevu chake, wakalegeza mkanda, wakamfuta mdomo kwa skafu. Bi Mkubwa aliinamisha sikio karibu na pua yake, akatulia hapo.

"Anakoroma!" mtundu wao alicheka. "Huyu hajazimia, kalala zake!"

"Funga domo, mshikilie kichwa," Bi Mkubwa alimkata. Kisha akageuka. "Mama Filimbi, anatoa jasho kweli."

"Wenye vipaji wapo."

"Lakini mikono yake ni ya baridi."

Kiongozi alikuwa akijikanda shingo. "Endeleeni. Mimi sipo hapa."

Bi Mkubwa akasimama. "Napiga simu."

"Igiza. Weka mkono sikioni, useme tuko wapi. Inatosha."

Msichana akamtazama mgonjwa, akamtazama kiongozi, akakimbilia ukumbini. Sauti yake ikasikika dirishani, ya polepole, ikitaja mtaa, rangi ya lango, na hali ya mgonjwa. Kiongozi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Angalau hilo limewaingia, aliwaza.

Halafu akakumbuka kwamba simu yake mwenyewe ilikuwa mle ndani, juu ya meza.

"Bi Mkubwa! Umempigia nani?"

"Hospitali."

"Hospitali ya kweli?"

"Gari linakuja."

"Mtoto wewe! Nilikwambia uigize!"

"Nilitaka kuigiza, Mama." Msichana alimnyooshea simu yake. "Nimeshindwa."

Kiongozi hakuwa na nguvu hata za kupandisha sauti. Pengine mahali fulani kulikuwa na mama anayejifungua, au mzee aliyeanguka bafuni, na gari lao linakuja kumbeba mchekeshaji. Jambo dogo tu aliwaomba, kusikiliza maelekezo. Akaivua shingoni ile kamba yenye filimbi na ufunguo, akaizungusha kiganjani.

"Nimekusikia, Bwana," alisema kimoyomoyo. "Asante kwa jibu."

King'ora kilipolia mtaani, alijikung'uta sketi na kwenda langoni, maneno ya kuomba radhi yakiwa tayari mdomoni.

"Samahanini sana, ndugu zangu, haya ni mazoezi tu, watoto wame..."

Wahudumu walimpita kama nguzo. Mmoja akapiga magoti, akaweka vidole shingoni mwa yule mtu.

"Nani amemlaza hivi?" aliuliza bila kuinua kichwa.

Watoto wakatazamana. Hakuna aliyemnyooshea mwenzake kidole. Bi Mkubwa akainua mkono wake taratibu, machozi yakimlengalenga, na kiongozi akapiga hatua mbele ili lawama zimwangukie yeye.

Hapo mtu akamgusa kiwiko kwa nyuma. Alikuwa mwanamume asiyemjua, anahema, unga umemjaa mpaka kwenye nyusi, na mkononi ameshika chupa ya rangi nyekundu.

"Samahani, dada, tanuri limenichelewesha," alinong'ona. "Mimi ndiye mgonjwa wenu. Nilale wapi?"