Kiti Chenye Moto

Mkunga Tekla alisimamisha gari jipya ukingoni mwa mto. Ng'ambo, mume wa mzazi alikuwa akipunga kanga nyekundu, ishara waliyopatana: uchungu umeshika, njoo upesi.

“Usiingize, mama,” alisema Kibwana aliyeketi kando yake, muuza magari aliyelichukua lile la zamani na kumkabidhi hili asubuhi ile. “Hili tumbo lake liko chini. Maji yatalizima.”

“Lile langu lilivuka hapa hapa kama bata!”

“Lile halitengenezwi tena. Tangu wageni wanunue kiwanda, wao ndio wanaopanga watu wa wapi wapate gari gani. Huku kwetu wametupangia hili.”

“Na mto wetu waliuona?”

Tekla alihisi joto likimpanda mapajani, taratibu, kama amekalia chungu kilichoinjikwa.

“Na hiki kiti mbona kinaniunguza?”

“Kinapasha mwili, mama. Kwao kuna barafu.”

Jasho lilimchuruzika hadi kidevuni. Akazima injini, akajitwika mfuko wake wa mkasi, nyuzi na pamba, akapandisha gauni na kulikaza kiunoni.

“Vua hivyo viatu vyako vya dukani, mwanangu. Umeniuzia, utanivusha.”

Maji yaliwafika kifuani, yakiwavuta miguu. Kibwana alimkamata mkono asimwachie.

Ng'ambo, yule mume aliacha kupunga. Kanga ilining'inia mkononi mwake, naye alikuwa amegeuza shingo kuelekea nyumbani, akisikiliza kilio chembamba cha kichanga.