Kitufe cha Kijani

Ilivuma mtaani kwamba kuna boksi la mchezo huko bondeni linalocheka kwa sauti ya mtoto aliye hai. Mwanatumu alijaribu kuupuuza uvumi huo, ukakataa kumtoka.

Siku hizo boksi la mchezo wa mezani lilikuwa halifunguki mpaka mzazi ajibu kwenye tovuti ya kampuni kama anatoa kicheko cha mwanawe, kirekodiwe na boksi, kitiwe kwenye maboksi yote. Na tovuti yenyewe sasa! "Nakubali" ni kitufe cha kijani, kipana kama chapati. "Nakataa" iko chini kabisa, kijivu juu ya weupe, herufi ndogo kama mayai ya chawa. Mwanatumu, aliyemnunulia mwanawe Zuhra boksi, aliitafuta mpaka akaiona. Akanyoosha kidole, mtoto akimharakisha. Tangazo likaibuka, ukurasa ukaruka, kidole kikaangukia kijani.

Hakumwambia mtu.

Wiki iliyofuata jirani yao, Bi Msuo, aliingia bila hodi. "Shoga, boksi letu linacheka kama Zuhra wako! Mmeshakuwa mastaa, hata hamsemi?"

Zuhra alimgeukia mama yake. "Mama, ulikubali?"

"Ukurasa uliruka, mwanangu."

"Sasa mbona ulininyamazia?"

Tangu hapo Mwanatumu akimtekenya, Zuhra huziba mdomo kwa viganja viwili, mabega yakitikisika.

Basi, mama mwenzangu, epuka haya:

Kubonyeza ukurasa ambao haujatulia.

Tovuti inayoficha pa kukatalia.

Kujibu huku mtoto anakuharakisha.

Kunyamaza ukishakosea.