Kalenda ya Chooni

Harmen alikuwa bado anafunga zipu alipoliona jina jipya kwenye kalenda ya chooni kwa binti yake, ile ya siku za kuzaliwa, isiyo na mwaka, ambayo kwao kila nyumba huitundika chooni. Tarehe nane Machi: mtoto wa jirani, aliyezaliwa juzi. Akaligusa. Wino, bado mbichi, ukamchafua kidole.

Sebuleni binti alikuwa akihojiwa na daktari wa pili, yule ambaye sheria inamtaka ahakikishe kwamba mgonjwa hajashurutishwa. Ugonjwa wenyewe hauui. Ni huzuni ya miaka ishirini, iliyozishinda dawa zote. Alhamisi ijayo, daktari wake angemchoma sindano ya kufa, aliyoiomba mwenyewe na ambayo sheria ya kwao inairuhusu.

Harmen alitoka bila kunawa mikono.

“Mtoto wa jirani umemwandika wa nini?” akauliza. “Mwakani nani atampelekea kadi?”

Daktari akaacha kuandika.

“Si wewe, Baba. Maana wewe hata siku yangu huwa unasahau.”

Ulikuwa utani wake wa zamani, na Harmen alicheka kabla hajajizuia. Akarudi kitini, akachukua kikombe chake cha kahawa, akakirudisha mezani bila kunywa. Kuna kitu hakikumkaa sawa.

“Lakini mimi nina kalenda yangu,” alisema polepole. “Iko chooni kwangu. Jana si ulikuja kwangu? Mbona hukuandika kule, ukaandika leo kwenye hii yako, ambayo mwakani hutakuwepo kuisoma?”

Macho ya binti yalikuwa kwenye kidole cha baba yake, kwenye ule wino.