Amplifaya Mbili na Kitambaa cha Macho

Mwajabu aliubwaga mfuko wa nguo za mwanawe mlangoni pa duka la Seif, akakunja pua. Mle ndani mlinuka jasho na waya ulioungua, na muziki ulimgonga mpaka kwenye meno.

"Tariq!"

Kijana alikuwa ameinama juu ya spika, viganja juu yake, amempa mamaye mgongo. Hata kugeuka hakugeuka.

"Mnamwona?" Mwajabu alisema. "Nyumbani ndivyo hivyo hivyo. Shikamoo hana. Nikimsemesha ananitumbulia macho mdomoni, kama vile natafuna chakula chake. Leo anahamia Mang'ola kwa baba yake mdogo, akapalilie vitunguu. Kwangu harudi."

"Subiri kidogo, mama Tariq," alisema Seif, ambaye kazi yake ni kukodisha vyombo vya muziki wa harusi. "Huyu tangu amalize darasa la saba anashinda mbele ya spika zangu. Ndiye sikio la duka. Tunamaliza ubishi."

Ubishi wenyewe ni wa amplifaya. Seif kanunua mpya Arusha; fundi Hhando naye kaapa kwamba ile kuukuu aliyoitengeneza inatoa sauti ileile. Tariq akamcheka fundi. Mpya anaitambua siku zote.

"Unaitambua kwa sababu Seif anaifungulia zaidi," Hhando alimwambia usoni. "Yenye kelele nyingi lazima ionekane nzuri. Leo zinalingana. Nikibadilisha, Seif atakugusa bega, wewe utaje."

Akazipima ukubwa wa sauti kwa simu yake mpaka zikawa sawa, akamfunga kijana macho kwa kitambaa kilicholowa jasho. Mwajabu akageuka akatema mate nje. Hhando akamtoa Tariq mikono kwenye spika, akaiweka magotini.

"Unasikiliza, bwana, hukandi chapati!"

Bega likaguswa.

"MPYA!" Tariq alipayuka.

Ilikuwa kuukuu.

Likaguswa tena. "KUUKUU!"

Ilikuwa mpya. Hhando akacheka mpaka akakohoa.

"Unapiga kelele za nini na sisi tuko hapa hapa?" Mwajabu alifoka. Kamzaa yeye, kamnyonyesha yeye, leo kijana anamfanya kama ukuta. "Umeshindwa, na adabu huna. Inuka, chukua mfuko wako."

Tariq akatikisa kichwa tu, akifuata mdundo.

Basi, hapo uvumilivu wa mama ukaisha. Akamwendea amkokote mwenyewe. Kabla hajamfikia, umeme ukakatika. Spika zikanyamaza, feni ikasimama, na mtaa mzima ukawa kimya, hata kuku wa jirani wakasikika wakiparua majani.

Mkono wa Mwajabu ukatua begani pa mwanawe.

"HIYO SASA!" Tariq akapaza sauti, kitambaa kingali machoni, kichwa bado kinacheza. "Sikieni besi hiyo! Hiyo ndiyo mpya. Ongeza kidogo, Seif, ongeza!"